Jicho Juu ya Mlango wa Karavani

Leo nimeumbuka.

Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya wanaume wa mtaa mzima, na nyuma ya ua uliojaa wanawake wa mtaa mzima. Na yote haya ningeyaepuka kwa neno moja. Jumatatu, kule Mikindani, fundi Kassim aliniuliza, "Mzee Bakari, niifunge?" Ningesema "La." Neno fupi, halichoshi ulimi. Mimi nikasema, "Ifunge."

Nawaandikia nyinyi wenzangu wa baraza ya madereva hapo Changamwe kwa sababu najua habari itavuka na feri ya kwanza kesho, na itafika kwenu imetiwa chumvi. Bora muipate kwangu, ingali mbichi. Barua ataileta Mutiso, aliyekuwa utingo wangu. Msimuulize kitu. Alikuwapo, na tangu alasiri hajaacha kucheka.

Mnanijua. Miaka thelathini nimerudisha matrela nyuma, na hakuna geti wala ukuta ulionidai. Nilikuwa nikiliingiza trela katikati ya mengine mawili kama upanga unavyorudi alani. Hamkuniita Sultani wa Rivasi bure. Akili hiyo bado ninayo. Nisichonacho ni shingo. Tangu nistaafu, shingo imekataa kugeuka. Nikitaka kutazama kushoto hugeuka mimi mzima, kama mlango.

Na karavani yangu pia mnaijua, ile nyumba ya magurudumu aliyoniachia Mzungu niliyekuwa nikimwendeshea trela, alipokuwa anarudi kwao. Naivuta kwa pikapu. Ina kioo kirefu, beseni la maji, kitanda, na mlango mmoja tu, nao uko nyuma. Watu wa Likoni huiazima wakati wa harusi, maana siku hiyo nyumba zetu hujaa wageni mpaka jikoni na hakubaki chumba cha kumpambia biharusi. Basi naileta kinyumenyume mpaka mlango wake uzibe pengo la ua wa wanawake. Biharusi anapanda, anapambwa, anashuka uani kwa wenziwe, na hakuna jicho la mwanamume linalomwona. Hiyo ndiyo sifa ya karavani yangu. Hakuna jicho la mwanamume.

(Andaeni leso ya kufuta machozi. Ya kicheko, najua.)

Sasa Bi Rukia. Huyu ni jirani yangu hapa Timbwani, mjane kama mimi nilivyo mgane. Kazi yake ni kupamba maharusi, na kando ya nyumba yake amepanda asumini za kutungia vikuba vya kuvaa kifuani. Mwanamke mwenye maneno machache, na kila neno limepigwa pasi. Miezi miwili iliyopita nilipata ujasiri nikapeleka posa, kwa mkono wa shemeji yake, Mzee Athmani, aliyemuoa dada yake.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa narudisha karavani kwangu. Nikasikia inapanda kitu laini. Nikadhani ni nyasi. Nilijua si nyasi iliponipiga harufu. Mistari miwili ya asumini! Imelala chini kama mkeka.

Siku tatu baadaye Mzee Athmani akaniletea majibu. Alikaa, akanywa kahawa yangu vikombe viwili, kisha akasema, "Shemeji yangu anasema hivi: mwanamume asiyeona anachokikanyaga nyuma, mbele atamwonyesha nini?"

"Ndiyo kusema amenikataa?"

"Tulia, yakhe, sijamaliza. Anasema binti yangu anaolewa mwisho wa mwezi ujao, na mpambaji ni yeye khalati yake. Ulete karavani. Ukiirudisha mpaka penye ua bila kuvunja kitu, siku hiyo hiyo, baada ya magharibi, atakupa jibu."

Mmeusikia mtihani huo? Kuna wanaume huambiwa walete mkufu. Mimi nimeambiwa nipige rivasi.

Mutiso alinishauri kama alivyonishauri miaka yote. "Mzee, mimi nitasimama nyuma nikuite, kama zamani. Kata, kata, nyoosha, haya. Kwani iko shida gani?"

Shida iko kwamba nilitaka kumwonyesha Bi Rukia kitu kikubwa zaidi ya Mutiso. (Mutiso, kama unaisoma hii barua njiani, na najua unaisoma, nisamehe.) Nilitaka aone kwamba mzee huyu akiambiwa haoni nyuma, hutoka akatafuta jicho. Basi Jumatatu nikavuka, nikaenda Mikindani kwa fundi Kassim, anayetengeneza redio na televisheni.

"Shikamoo Mzee Bakari."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kuona nyuma ya karavani nikiwa nimekaa kwenye usukani, bila kugeuza shingo."

Kassim hakucheka. Huyo ni fundi. Kwake hakuna jambo la ajabu, kuna jambo lisilo na waya. Akanitolea vitu vitatu, akavipanga juu ya meza.

Cha kwanza kilikuwa kioo cha duara kilichovimba, cha kutazamia wezi dukani. Nikajiona ndani yake nina pua kubwa na mwili mdogo. Nikakirudisha. Cha pili kilikuwa kamera ya kupigia video za harusi, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Kassim alisema ataifunga kwa kamba. Nikaona mvua moja tu itaimaliza.

Cha tatu kilikuwa kitu kidogo cheusi kama kopo la maziwa, pamoja na televisheni ndogo inayotoshea kwenye mapaja.

"Hii imetoka kwenye basi la Kijapani lililokatwa vyuma," akasema. "Wenzetu huko mabasi yao yana macho nyuma. Ukiingiza gia ya rivasi, picha inawaka. Ukiitoa, inazima. Na si macho tu. Ina masikio."

"Masikio?"

"Kondakta akipiga filimbi nyuma, dereva anaisikia mbele. Ngoja."

Akaiunga kwenye betri, akatoka na kile kikopo nje, akakiweka dirishani. Nikakaa ndani peke yangu naitazama televisheni. Picha ya kijivu, chenga chenga. Nikaona barabara kuu, lori, mama anakaanga mihogo. Nikasikia mafuta yakichacharika! Nikamsikia yule mama akimwambia mwenzake, "Yule mzee aliyeingia kwa fundi, amevaa kanzu nje ndani."

Nikajitazama. Kweli.

Hapo ndipo Mungu aliponionya, kwa lugha nyepesi kabisa, kwamba kitu hiki husikia yasiyonihusu. Mtu mwenye akili angeshukuru na kwenda zake. Mimi nikageuza kanzu yangu nikasema hii ndiyo niitakayo.

Kassim akaingia, akauliza, "Niifunge?"

"Ifunge."

"Chini kwenye bampa, au juu ya mlango? Ya chini inaona mawe na mashina. Ya juu inaona mbali."

"Juu," nikasema. Sultani haangalii mawe.

"Na sauti, nikukatie? Huna kondakta wa basi wewe."

"Iache. Tena iongeze, sisikii vizuri."

(Naziandika hizi "nikasema" moja moja ili mzione. Hakuna mtu aliyenilazimisha hata moja.)

Kesho yake akaja Likoni na toroli la vifaa. Kuifunga kulichukua siku nzima. Tundu la kwanza alilotoboa lilitokea ndani ya kabati. La pili lilitokea kwenye bomba la beseni, tukaoga. La tatu likapita. Waya akautambaza chini ya sakafu mpaka kwenye pikapu, na televisheni akaifunga juu ya dashibodi kwa mpira wa tyubu, imetazama kiti cha dereva. Na kwa kuwa swichi yangu ya ufunguo ni mbovu, moto huja ukitaka, waya wa umeme akauunga moja kwa moja kwenye betri. Maana yake gari hata likiwa limezimwa, ukiacha gia ya rivasi, jicho liko wazi.

Alinieleza hilo. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Tukajaribu. Picha ikaja miguu juu. Karavani yangu ilikuwa inarudi kuelekea mbinguni. Akapanda akaigeuza. Ikaja sawa, ila kushoto kumekuwa kulia. Akasema hiyo nizoee tu. Nikazoea kwa kugonga toroli lake. Mara ya pili nikagonga toroli lile lile, upande wa pili. Mara ya tatu nikapita kando yake kwa upana wa kiganja, na Kassim akakusanya vifaa akaondoka kabla sijajaribu mara ya nne.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Nilifika kwa Mzee Athmani kabla ya adhuhuri. Mbele ya nyumba pana turubai la wanaume, viti, mabirika ya kahawa. Nyuma ya nyumba pana ua wa makuti wa wanawake, umezidi kimo cha mtu, na pengo moja la kuingizia karavani. Wanawake walikuwa bado ndani ya nyumba. Bi Rukia peke yake alisimama kando ya pengo, buibui limemfunika vizuri, mikono ameifunga kifuani. Mtahini.

"Sabalkheri, Bi Rukia."

"Alkheri, Mzee Bakari. Umekuja na macho leo?"

"Nimekuja nayo, tena moja la ziada."

Nikamwonyesha kile kikopo cheusi juu ya mlango. Nikamwambia, "Nikipiga rivasi hili linaona nyuma, mimi naona mbele. Nimelitafuta mpaka Mikindani kwa ajili ya asumini zako." Wallahi nilimwambia kwa mdomo wangu. Akalitazama, akanitazama. Akasema, "Haya. Tuone."

Nikapanda. Nikaingiza rivasi. Televisheni ikawaka: ua, mikeka, masufuria, pengo lenyewe. Mutiso alitaka kuniita, nikamwashiria anyamaze. Nikaikata kidogo kushoto (ambako ni kulia), nikainyoosha, nikaiacha irudi taratibu kama mtu anayeingia msikitini amechelewa. Jamaa zangu, mlango uliziba lile pengo huku na huku bila kugusa kuti hata moja!

Kutoka kwenye spika nikamsikia Bi Rukia akisema peke yake, polepole, "Mashallah."

Ningekufa papo hapo ningekufa mshindi.

Lakini sikufa. Nilifanya kile ambacho kila mmoja wenu angefanya. Mahali pale panateremka kuelekea mbele, kwenye turubai la wanaume. Breki yangu ya mkono ilishakwenda zamani. Na sisi tulifundishwa nini, kabla hata ya kufundishwa kuendesha? Gari likielekeza pua kwenye mteremko, zima injini, liache kwenye rivasi, tia jiwe mbele ya gurudumu. Nikazima. Nikaacha rivasi. Nikatia jiwe. Televisheni ilikuwa imepigwa na jua, sikuona kitu juu yake. Nikaacha kioo cha dirisha wazi kidogo kwa sababu ya joto, nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda kunywa kahawa. Mikono yangu ilifanya yote hayo yenyewe. Miaka thelathini ya mazoea.

Tukaenda msikitini, ndoa ikafungwa, tukarudi, tukala pilau. Baada ya alasiri jua likazunguka nyuma ya mnazi, kivuli kikaifunika pikapu. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kidogo nikihesabu dakika za kufika magharibi. Nikaona wanaume wanaondoka kwenye viti, mmoja mmoja, wanakwenda kusimama kwenye pikapu yangu. Nikadhani wanaisifu.

Mutiso akaja mbio. "Mzee, kuja. Hii kitu yako inaongea."

Nilikwenda. Watu walikuwa wamejazana dirishani kama kuna mgonjwa ndani. Nikachungulia. Kwenye televisheni, katika zile chenga chenga, ua wa wanawake ulikuwa umejaa. Walikuwa wamevua mabuibui, wanapiga vigoma, wanacheza. Sura huzitambui, ni vivuli vya kijivu tu, lakini mtu hahitaji kuambiwa zaidi. Ile karavani ya hakuna jicho la mwanamume!

Nikafungua mlango, nikavua kofia yangu, nikaifunika televisheni. Palepale. Hilo nataka liandikwe. Wanaume nao wakageuza nyuso kwa heshima, kila mmoja akatazama mnazi.

Lakini macho yana kope. Masikio hayana.

Ngoma ilikuwa imetulia, wameanza mazungumzo. Nikasikia sauti ya mke wa Mzee Athmani, safi kabisa, kama anatusomea taarifa ya habari: "Mnamwogopa Athmani? Yule hapandi kitandani mpaka nimchungulilie uvunguni kama hamna paka."

Turubai zima lilianguka kwa kicheko. Mzee Athmani, mkali wa mtaa, aliyewahi kumfukuza mwizi na panga, akageuka rangi ya majivu. "Bakari! Zima hicho kidude! Zima sasa hivi!"

"Nazima, nazima," nikasema.

Na nilikuwa nazima. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Nakiona mpaka sasa. Kisha ile sauti ya Bi Mwanakombo, bibi mkubwa kuliko wote mtaani, ikasema:

"Na wewe Rukia, huyu mzee wa karavani, unamwambia nini leo?"

Kidole kikasimama.

Sitawadanganya. Ufunguo nilikuwa nao, kitufe nilikuwa nimekigusa, Mzee Athmani alikuwa ananivuta kanzu. Hakuna kilichokuwa kimekwama isipokuwa mimi. Picha niliifunika kwa kofia. Sauti sikuifunika.

"Mzee mwenyewe gogo," akasema mmoja, na wanawake wakacheka.

"Gogo," akaitikia Bi Rukia. "Magoti yake yakiinuka yanalia, nayasikia kwangu. Akiswali alfajiri najua yuko rakaa ya ngapi."

Wanaume wakajishika mbavu. Mutiso alikaa chini kabisa.

"Na kanzu," akaendelea, "Jumatatu nimemwona anatoka kwenda kivukoni ameivaa nje ndani."

"Basi unamkataa?" akauliza Bi Mwanakombo.

Hata Mzee Athmani aliacha kunivuta.

"Bibi," akasema Bi Rukia, na sauti yake ilikuwa imelainika, "mimi marehemu aliniponda vidole vyangu kwa mlango mara mbili na hakuurekebisha mlango. Huyu kaponda maua, kaenda mpaka Mikindani kutafuta jicho. Nitamwambia ndiyo. Lakini msimwambie. Namtaka asubiri mpaka magharibi, ajue thamani yake."

Sasa nawauliza. Mtu mzima, mwenye mvi, mstaafu, akisikia maneno hayo hufanya nini? Hunyamaza. Huzima kidude kimyakimya, huenda kukaa, hunywa kahawa, hungoja magharibi, husema "Lo, sikutarajia!" Njia yote ilikuwa mbele yangu, pana, imepigwa lami.

Nikaruka juu. (Kwa magoti haya!) Nikapiga kelele, "Amenikubali! Alhamdulillahi! Amenikubali!"

Mutiso, kwa furaha yake, akapitisha mkono dirishani akapiga honi. Wanaume wakapiga makofi. Mmoja akanibeba.

Nilikuwa bado hewani niliposikia kwamba spika imenyamaza. Si kwamba imezima. Imenyamaza. Kisha ile sauti yenye pasi ikasema, "Ile ni sauti ya nani?"

Waliniweka chini.

"Ya mzee wako," akasema mtu.

"Amekubaliwa na nani? Nani kamwambia? Nani katoka humu?"

"Hakuna aliyetoka."

Kisha Bi Mwanakombo, bibi wa watu, asiyeona hata kutunga sindano: "Rukia mjukuu wangu. Kile kikopo juu ya mlango, kile chenye kioo, ni cha nini?"

Sijui kwa nini niliinua kofia. Labda nilitaka kujua. Kwenye televisheni kulikuwa na uso mmoja tu, mkubwa, umejaa kioo chote, umejifunga leso kichwani na kushuka shingoni, unanitazama kwa karibu. Bi Rukia alikuwa amepanda juu ya kinu. Chenga chenga au si chenga chenga, yale macho niliyatambua. Midomo ikafunguka, na spika yangu, niliyoomba iongezwe sauti, ikasema mpaka barabarani:

"Mzee Bakari. Unanisikia?"

Nami, Mungu anisamehe, kwa mazoea ya adabu niliyolelewa nayo, nikaitika kwa sauti kubwa, "Lebeka!"

Picha ya mwisho niliyoiona ilikuwa mchi wa Bi Mwanakombo unakuja.

Baada ya hapo turubai likawa tupu. Mzee Athmani alikumbuka ana kuku wa kufungia. Aliyenibeba sikumwona tena. Alibaki Mutiso, na yeye kwa sababu alikuwa chini hawezi kuinuka kwa kucheka. Mpaka Bi Rukia alipozunguka nyumba, amejifunika buibui, na wanawake wengine nyuma yake, ndipo hata Mutiso aliponyamaza.

"Mlikuwa mnatuona?"

"Picha niliifunika kwa kofia, Bi Rukia. Nilipojua tu, nikaifunika."

Akamtazama Mutiso. Mutiso akasema, "Ni kweli, mama. Kofia yake mwenyewe."

"Na sauti?"

Niliigeuza kofia mkononi.

"Ungeweza kuizima?"

Hapa palikuwa na uongo mwepesi, umekaa mlangoni unangoja kuitwa. Waya. Kitufe kimekwama. Kassim. Lakini nimechoka kuwa mjinga, sikutaka kuwa mwongo pia.

"Ningeweza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe."

"Ikawaje?"

"Nilisikia jina langu."

Nikaona ukingo wa mdomo wake unacheza, nusura acheke, na moyo wangu ukapata tamaa. Tamaa haina haya. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama dada yake, mke wa Mzee Athmani, anatazama chini, anajua sasa kwamba mumewe hatoketi tena barazani bila kuliliwa nyau. Bi Rukia akamtazama dada yake, na kile kicheko kikarudi kilikotoka.

"Wale wamevua mabuibui na wamefungua vinywa vyao kwa sababu nimewaambia karavani ya Mzee Bakari ni salama," akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia. Ile 'ndiyo' uliyoisikia niliwapa wao, wewe sikukupa. Umeiokota. Naichukua, ni yangu."

"Na jibu la magharibi?" nikauliza. (Ndiyo, niliuliza. Chekeni tu.)

"La magharibi ni hapana. Na hili hukulisikia kwa kikopo. Nakwambia mimi, uso kwa uso."

Akageuka. Hatua tatu, akasimama. "Karavani iache mpaka biharusi ashuke. Umeirudisha vizuri. Hilo sikunyimi."

Biharusi alishuka, akapendeza, wanasema. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya choo. Nilipoivuta karavani kwenda nyumbani, jicho lilikuwa linaning'inia kwa waya mmoja. Mutiso akatembea nyuma ananiita: kata, nyoosha, haya, njoo, njoo. Nikaingia kwangu mara moja, kando ya asumini zilizoanza kuchipua upya, bila kugusa jani. Hakuna aliyekuwa akitazama.

Sasa hivi ninapoandika magharibi imekwisha kuadhiniwa. Nimeswali, na magoti yamelia, na kwa jirani pako kimya.

Kassim atakuja Jumatatu kukichukua kidude chake. Msicheke mbele ya Mutiso, atapata nguvu upya. Nami nikija barazani msiniite Sultani, niiteni Bakari. Nilisema "Ifunge" ili nisigeuze shingo, na imenigharimu Bi Rukia, aliyekuwa amekwisha kusema ndiyo.